Sufuria ya Leta na Mwonjaji Wake

Vijana wangu wa Bunia, ninyi mnaopita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi na diplome ndani ya mfuko wa plastiki mkitafuta kazi ya Leta, simameni kidogo niwasifie hiyo kazi. Mimi nimeifanya. Nilikuwa mpishi wa hospitali ya serikali hapa mjini, na nawaambia ukweli, hakuna kazi ya heshima kama kuwapikia watu chakula ambacho hakipo.

Msicheke. Miaka yangu ya mwisho jikoni ilikuwa hivyo. Nafika alfajiri, navaa aproni nyeupe, naweka sahihi, nafuta vumbi kwenye masufuria, kisha nakaa. Sufuria iko, mwiko uko, mpishi yuko. Kulikosekana kitu kidogo tu. Leta, yaani serikali yetu tukufu, ilikuwa imekaa huko mbali ikaamua kwamba wagonjwa wake wameshiba.

Lakini nilianza kazi chakula kikiwepo, kwa hiyo acheni kwanza niwafundishe kupika, maana naona siku hizi mnapika kwa kutazama simu. Bugali ya watu wengi haisongwi kwa mikono. Inasongwa kwa mgongo. Unaweka mguu mmoja kwenye jiwe la jiko, unashika mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na unauvuta kuja kwako, huusukumi. Ukiusukuma, bugali itakutupa wewe ndani. Kabla hujatia unga, chota maji ya moto uyaweke pembeni kwenye ndoo, kwa sababu unga wa Leta haukuwahi kuwa wa aina moja siku mbili mfululizo: leo mahindi, kesho muhogo, kesho kutwa kitu ambacho hata panya wa magazini, ghala letu la unga, walikuwa wanakizunguka. Maji ya pembeni ndiyo yatakuokoa. Maharagi usiyatie chumvi mapema, yatagoma kuiva mpaka daktari aondoke. Na sombe, majani ya muhogo, usiifunike inapochemka. Iache ipumue mpaka ile harufu kali ya majani iishe, ndipo utie mawese, kama mawese yapo.

Hayo yote nilifundishwa na Muzee Anselmi, mpishi aliyenitangulia, mtu mfupi, mnene, asiyecheka mpaka sufuria ziwe zimeoshwa. Nilipokuja kutoka Butembo nikiwa kijana kama ninyi, nilimwona ana tabia moja mbaya. Chakula kikiiva, alikuwa anafungua dirisha la jiko, anajipakulia sahani ya kwanza, anasimama palepale dirishani na kula mbele ya wagonjwa wote na ndugu zao waliopanga mstari. Anatafuna polepole. Anameza. Anapangusa mdomo. Ndipo anasema, "Karibuni."

Nikajiambia, huyu muzee ana tamaa kuliko mbwa wa buchari. Siku moja alichelewa, na mimi nikaona ndiyo nafasi ya kuonyesha elimu yangu ya Butembo. Nikapakua vizuri, sahani kwa sahani, nikazipanga dirishani zikitoa moshi, nikasema karibuni. Hakuna aliyekuja. Watu walisimama pale na njaa yao wakitazama sahani kama wanatazama kesi ya mtu mwingine. Mama mmoja akasema amekumbuka kitu wodini. Mwingine akasema leo anafunga. Nikakaribisha mara ya pili, mara ya tatu, mpaka nikaanza kunusa sombe yangu mwenyewe nikidhani imeharibika. Muzee Anselmi akatokea, akatazama dirisha, akanitazama mimi, akachukua sahani ya kwanza akala. Mstari ukajipanga wenyewe.

Baadaye akanikalisha juu ya gunia. "Weye uliona miye nakula mbele yabo, ukasema niko na njaa," akasema. "Miye nakula ili banione. Mutu wa hapa hakule kitu ya mutu hajue."

Nyinyi mmezaliwa hapa, sina haja ya kuwaeleza. Mama zenu wakimletea mgeni Fanta, wanaifungua mbele ya macho yake. Mwenye nyumba anaonja kwanza, ndipo sahani inasogea. Tumepita katika mambo mengi katika Ituri hii, na kila jambo liliacha hofu yake, na hofu moja, ya sumu, ikaingia ndani ya sufuria. Lakini sufuria ya hospitali watu walikula, wa kilima hiki na wa kilima kile, kwa sababu ilikuwa ya Leta, na mpishi wa Leta alikuwa amekula kwanza, akabaki amesimama. Serikali haikuwahi kujua kwamba ilikuwa na kitu cha thamani kama hicho. Kwa hiyo ilikikata.

Ilikata kwa adabu, hiyo lazima niiseme. Haikuja na panga. Kwanza ilikata nyama ya Jumapili, ikisema nyama haifai kwa wagonjwa. Tukakubali, wakubwa wamesoma. Kisha wale samaki wadogo wa ziwa waliokuwa wanatoka Mahagi-Port. Kisha mawese, nikajifunza kupika sombe ya maji, chakula ambacho sasa naweza kusema kimenisogeza karibu na Mungu, kwa kuwa kila sahani ilinifanya nimwite. Mwisho, Jumatatu moja tukipandisha bendera, jestionere wa hospitali, yule bwana wa makaratasi na funguo, akatusomea maneno kutoka juu. Jiko halifungwi, akasema. Jiko linaingia katika rasionalizasyon. Nilikuwa na mwiko mrefu, lakini neno lile liliupita.

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Maana yake wagonjwa watakula, lakini kwa familia zao," akasema. "Weye utabaki hapa kulinda vyombo."

Wakubwa walihesabu, bila shaka, wakaona wameokoa unga. Nawapongeza. Hawakuona jambo moja ambalo hata kuku wa uani angeliona. Mgonjwa aliyelazwa hawezi kujipikia. Lazima mtu akae naye, yule tunayemwita gadimalade, awashe mbabula, jiko la makaa, uani, apike asubuhi, apike mchana, apike jioni. Tajiri hana shida, dereva wake analeta termosi. Lakini mtu anayekula leo kile alichofanyia kazi leo, akikaa kupika, hajafanya kazi, na asipofanya kazi hana cha kupika. Basi Leta ilikuwa imegundua njia ya kumlaza hospitalini mgonjwa mmoja na kuangusha nyumba nzima. Mimi nilikuwa nimekaa pale na aproni yangu safi, mwajiriwa halali, nikiangalia. Nilikuwa na hasira, vijana. Bado ninayo.

Ndivyo nilivyomfahamu Mama Mave. Binti yake Mave, msichana wa darasa la nne, alianguka kutoka kwenye pikipiki akavunjika paja. Daktari alimlaza chali, mguu umeinuliwa kwa kamba, na mwisho wa kamba mfuko wa mawe unaoning'inia kuuvuta mfupa ukae sawa. Mtoto wa hivyo anakaa majuma mengi hawezi hata kugeuka. Mama yake alikuwa anachambua maharagi kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja sokoni, kazi ya kuketi chini siku nzima ukitoa mawe na maharagi yaliyooza, unalipwa kwa siku. Baba yake alikuwa sentinele wa magazini, analinda usiku, mchana analala kama mtu aliyepigwa.

Siku moja alikuja kwenye jiko langu lisilopika, akasimama mlangoni.

"Papa Mwiko," akasema, kwa maana hilo ndilo jina nililobaki nalo baada ya chakula kuondoka, "patron amesema kesho nikikosa tena, mahali yangu anaweka mwingine. Na nikienda, Mave atakula nini? Siwezi kumuachia sufuria ku kitanda na ile mawe ku mguu."

"Baba yake?"

"Akikosa kulala muchana, atalala usiku ku kazi. Batamufukuza na yeye."

Nikatazama uani. Pale palikuwa na mbabula nyingi, kila gadimalade na yake, kila mmoja anapuliza makala yake na kulia kwa moshi wake. Wote walikuwa wameacha kazi mahali fulani. Jirani kabisa na mbabula ya Mama Mave alikuwapo Mama Imani, ambaye mume wake alikuwa amepasuliwa tumbo na bado hawezi kusimama. Mama huyu alikuwa anafua nguo za watu mitaani, na tangu mume alazwe, nguo za watu zilikuwa zinafuliwa na wengine. Alitoka kambi ya wakimbizi. Wote wawili asili yao ni Djugu. Vilima vyao vinatazamana, na vita imepita katikati yao. Zaidi ya hapo sisemi, na ninyi mnaoishi Bunia mmeshaelewa.

Walikuwa wanaheshimiana sana, wale mama wawili. Kila asubuhi habari yako, habari ya mugonjwa. Makala ya moto waliazimana. Chumvi hawakuazimana hata siku moja.

Nikajiona nina akili. Nikawakusanya wale wa pembe ile ya ua, nikawaambia: pikeni kwa zamu, kama likelemba, ule mchango wa kupokezana, ila badala ya pesa ni chakula. Leo mmoja anapikia wagonjwa wote wa pembe hii, wengine wanaenda kazi. Kesho mwingine. Wakasema wazo zuri sana. Wakalisifu. Mzee mmoja akaniombea baraka. Siku iliyofuata Mama Imani akapika, na Mama Mave akaenda depo.

Mchana sahani zilipelekwa vitandani, na sahani zikarudi. Zilirudi kwa upole mkubwa. Nimeshiba, asante, alisema mtu ambaye hakuwa amekula tangu jana. Tumbo haliko sawa, alisema mwingine. Mave alitazama sahani yake mpaka ikapoa, machozi yanamtoka, lakini hakuigusa, kwa sababu mama yake, kabla ya kutoka, alikuwa amemwinamia sikioni na kumwambia asile kitu cha mtu. Mama Imani alikusanya sahani, akarudisha chakula kwenye sufuria, akala yeye mwenyewe kidogo, amegeuka ukutani.

Jioni Mama Mave akarudi, akamkuta mtoto na njaa. Hakumlaumu mtu. Akaketi juu ya tofali. "Kesho siendi," akasema. "Kazi ikufe."

Hapo ndipo nikamkumbuka Muzee Anselmi na mashavu yake yanayotembea dirishani. Nikaingia jikoni, nikavuta ile sufuria kubwa ya hospitali yenye namba ya Leta ubavuni, nikaiviringisha mpaka uani ikipiga kelele kama mkokoteni. Nikafunga aproni. Nikachomoa kijiko kirefu.

"Mutapika ndani ya hii," nikasema. "Haiko ya mutu, iko ya Leta. Na miye njo mupishi wa Leta. Kila siku, anayepika apike, lakini miye nakula kwanza, mbele yenu bote. Nikianguka, mumwage."

Mama Mave akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. "Na weye ukikufa kweli?"

"Basi Leta itaandika mwingine."

"Leta?" akasema. "Leta haiandike mutu tena. Utakufa bure."

Watu wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichofungua mlango. Kesho yake Mama Mave alienda kazi, lakini nilimsikia akimwachia mtoto maagizo mapya. "Papa Mwiko akisha kula, ungoje kidogo. Akiendelea kusimama, ukule." Mave alikuwa mtoto mtiifu. Nilipoonja kwa mara ya kwanza, niliona kupitia dirisha la wodi macho mawili yanayonichunguza kama muuguzi anayechunguza homa. Nikajikaza nikasimama wima kama askari wa bendera. Mtoto akala.

Hivyo ndivyo nilivyoirudisha serikali hospitalini kwa kijiko kimoja. Mama Mave alichambua maharagi yake. Mama Imani, siku zisizo zamu yake, akarudi kufulia watu. Msinielewe vibaya, si kwamba shida iliisha. Kila zamu bado ilikuwa siku ya kazi iliyotupwa, na unga ulikuwa wa kwao. Tuligawana hasara tu, na hasara iliyogawanywa ni nyepesi kubeba lakini mwenye kuileta hajaigusa hata kwa kidole.

Sasa sikieni habari za kuonja, maana hii ni taaluma ambayo shule zenu haziifundishi. Nilidhani kijiko kimoja kinatosha. Wapi. "Kijiko moja iko ya kudanganya," wakasema. Lazima nionje juu, nionje katikati, nizamishe kijiko nionje chini, kwa sababu mtu mwerevu, wakasema, anaweza kuweka kitu chini. Nikionja haraka, wanasema sikumeza. Nikionja polepole, wananiuliza ninafikiri nini. Nikikohoa, sahani zote zinashuka. Kuna mama alikuwa anatia chumvi kama anahifadhi ngozi ya ng'ombe, na mimi nilikuwa siwezi hata kukunja uso, kwa kuwa nikikunja uso wodi nzima inalala njaa. Ukitaka kujua kama mtu ni mwanasiasa wa kweli, mpe pilipili ya Mama Imani ameze mbele ya umma akitabasamu.

Habari zikaenea. Pembe nyingine za ua nazo zikataka mpishi wa Leta. Nikawa naonja sufuria moja baada ya nyingine, juu, katikati, chini. Mimi ndiye mpishi pekee wa Leta niliyenenepa baada ya bajeti kukatwa. Daktari alikuwa ameniambia zamani nipunguze chumvi, nina tansyon, damu inapanda. Nikamwambia daktari, chumvi hii si yangu, ni ya kazi.

Ikafika siku yenyewe. Zamu ilikuwa ya Mama Imani, maharagi na sombe, na pilipili. Nilikuwa nimeshapita pembe nyingine zote na tumbo langu limejaa mpaka kooni. Nikaonja juu. Nikaonja katikati. Nikaonja chini, nikasimama kama kawaida, nikasema karibuni, na sahani zikaenda vitandani. Kisha jasho likanishika. Ua ukaanza kuzunguka. Nilijaribu kufika kwenye bomba la maji, nikaona miguu yangu imefika mahali pengine, nikaanguka chini na kijiko mkononi.

Waliniinua wakaniweka kwenye kitanda karibu na dirisha. Ulimi ulikuwa mzito, sikuweza kusema, lakini masikio yangu yalikuwa kazini. Kwanza nikasikia sahani zinapokonywa, moja moja, wodini. Kisha sauti ya mwanamume: "Njo ile niliwaambia." Na nyingine: "Iko ya nani leo? Iko ya yule mwanamuke wa kambi." Mtu akatoka mbio kwenda getini kuita ndugu zake. Mwingine akakimbilia sokoni kumwita Mama Mave, kwamba mtoto wake amekula sumu.

Kupitia dirisha nilimwona Mama Imani. Alikuwa amesimama kando ya sufuria, mwiko mkononi, mafuta ya sombe yanadondoka kwenye mguu wake. Hakukimbia. Angekimbilia wapi, mume wake akiwa kitandani na tumbo lililoshonwa? Wanaume walikuwa wanaongezeka uani. Mmoja alikuwa ameokota tofali, anashika tu, kama mtu asiyejua bado atalifanyia nini. Vijana, nimeona mambo katika maisha yangu, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, nimelala na ulimi wangu wa mbao, nikitaka kusema neno moja tu: chumvi.

Mama Mave aliingia getini anakimbia, maganda ya maharagi yamemshika kwenye kitambaa. Hakutazama mtu. Aliingia wodini moja kwa moja mpaka kitandani kwa mtoto, akamshika mashavu, akamfungua mdomo, akamnusa.

"Tumbo iko aje?"

"Iko muzuri," Mave akasema, na sauti yake ilikuwa ya kulalamika. "Mama, baliniondolea sahani. Nilikuwa bado nakula."

Mama Mave akaachia mashavu yake. Akageuka akaja kwenye kitanda changu, akanitazama, akaweka mkono juu ya tumbo langu lililovimba kama ngoma. Nafikiri alielewa palepale. Alikuwa amelisha watu maisha yake yote, anajua tumbo lililojaa. Akatoka nje. Wanaume wakampisha, wakidhani anakwenda kupiga. Akafika kwenye sufuria ya Leta, akaketi chini kwenye vumbi, akaivuta mpaka katikati ya magoti yake, akatia mkono. Hakuonja. Alikula. Akala kama mtu aliyetoka kulima, akafika chini kabisa, akakwangua pale palipoungua kwa kucha, akalamba vidole. Ua wote ulikuwa unamtazama. Alipomaliza, akainua macho kwa Mama Imani.

"Pilipili mingi," akasema.

Mama Imani akashusha mwiko. "Nilisahau batoto," akasema.

"Kesho punguza."

Akakaa palepale chini, mgongo kwenye miguu ya Mama Imani, akangoja. Watu wakangoja naye. Hakuanguka. Yule bwana wa tofali akaliweka chini polepole, akalipangusa kama anayejali usafi. Mtu wa kwanza akaenda kuulizia sahani yake. Daktari alipofika kwangu, alipima, akapima tena, akatikisa kichwa. "Papa," akasema, "umekula chumvi ya hospitali muzima."

Mngependa niwaambie kwamba baada ya hapo kila kitu kilikuwa kizuri. Kwenye depo, patron aliona mahali pa Mama Mave pako wazi mchana ule. Kesho yake alipofika, alimkuta mwingine ameketi pale anachambua. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Basi Leta iliokoa unga wake, na bei yake ikalipwa na mama aliyekuwa anatoa mawe kwenye maharagi. Mama Imani ndiye aliyemchukua, wakawa wanafua nguo pamoja, mmoja anasugua, mwingine anasuuza, na kazi ya mtu mmoja ikalisha nyumba mbili, kwa maana ya kwamba haikushibisha hata moja.

Na mimi nikapoteza kazi yangu ya pili. Tangu siku ile hakuna aliyeniita tena kuonja. Mama Mave alionja cha Mama Imani, Mama Imani akaonja cha Mama Mave, na pembe nyingine zikafuata. Juma lile lile jestionere akaniambia kwamba na mimi nimepumzishwa, kwa sababu jiko lisilopika limegundulika kuwa na mpishi. Nilimshukuru kwa uchunguzi wake wa kina.

Siku niliyorudi kurudisha aproni, nilikuta delegasyon. Magari safi, mpiga picha, na Muheshimiwa mmoja mwenye miwani, mtoto wa hapa hapa Ituri aliyekwenda juu. Habari ya sufuria ilikuwa imemfikia. Akasimama uani, akatazama mbabula zote, akafurahi mpaka nikadhani atacheza. Akasema wananchi wa Ituri wana nguvu ambayo mataifa yanaitafuta. Akasema amejionea mwenyewe kwamba tunajitegemea. Akasema kwa hiyo hakuna haraka ya kurudisha rasio, chakula cha Leta, maana haja imetimizwa na wenyewe. Jestionere akapiga makofi. Mimi nilikuwa na aproni chini ya kwapa, na nilijua sasa kwamba kila kijiko nilichomeza kilikuwa kimeandikwa huko juu kama ushahidi kwamba hatuna njaa.

Mama Mave alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akapakua. Bugali, sombe, maharagi, sahani iliyojaa vizuri. Akaipeleka kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa.

"Karibu, Muheshimiwa. Ukule na siye."

Mpiga picha akainua mashine yake. Muheshimiwa akaipokea sahani. Akaitazama. Akamtazama Mama Mave, akamtazama Mama Imani, na niliona kwenye uso wake kwamba kweli ni mtoto wa hapa, hajasahau kitu. Kijiko kikabaki juu ya bugali. Akamwinamia jestionere, akasema neno. Jestionere akageuka, akaniona, akafurahi.

"Papa Mwiko, njoo uonje kwanza."

Ua wote ukanigeukia. Kijiko changu kirefu kilikuwa mfukoni. Nikakiacha humo.

"Muheshimiwa," nikasema, "kazi ya kuonja ilikuwa ya mupishi wa Leta. Mulimukata pamoja na rasio."

Hakuna aliyecheka. Muheshimiwa akasema, kwa bahati mbaya, amekula kabla ya kuja, akaiweka sahani juu ya ukingo wa bomba, na wakaanza kutafuta funguo za magari. Mave alikuwa ameshafunguliwa mawe siku hizo, anajifunza kutembea kwa magongo. Alikuja polepole, gongo moja, gongo jingine, akakaa kwenye ukingo, akaivuta ile sahani, akaanza kula. Hakungoja mtu aonje.